Vita vya Kagera: je, kuna vita vya haki, na gharama yake hulipwa na nani?

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua kwenye mnara, kisha viongozi wa dini huomba dua. Kati ya wanaokumbukwa siku hiyo wamo waliokufa katika Vita vya Kagera, vilivyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda mwaka 1978 na 1979.

Siku kama hiyo watu husifu ushujaa, na ni haki yao. Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, hasa katika nyumba zilizopoteza mtu: je, ilikuwa lazima? Je, kuna vita vinavyoweza kuitwa vya haki, au vita vyote ni hasara tupu?

Katika makala hii tunaeleza vita hivyo vilianzaje, viligharimu nini, na watu hutumia vipimo gani kuamua kama vita fulani vina haki. Tumechagua Kagera kwa sababu ni vita ambavyo wengi husema vilikuwa vya haki. Kama hata vita vya namna hiyo viliacha madeni ambayo hayajalipika, basi tuna la kujifunza kuhusu vita vyote.

Ardhi iliyo ng'ambo ya mto

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani waligawana eneo letu wakiwa Ulaya. Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria walichora mpaka kwa kufuata mstari ulionyooka kwenye ramani, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Hawakufuata mto. Kwa hiyo upo ukanda wa ardhi ya Tanzania ulio kaskazini ya Mto Kagera, kati ya mto na mpaka. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,800. Huko ndiko kuliko Mutukula, Minziro, Kakunyu na Bunazi, na leo ni sehemu ya Wilaya ya Missenyi.

Mtu aliyeko huko akitaka kufika Bukoba mjini hana budi kuvuka mto, na njia kuu ni daraja la Kyaka. Hilo lina maana kubwa katika habari hii, kwani daraja likikatika, watu wa ukanda huo wanabaki na mto mgongoni na mpaka usoni.

Vita vilianzaje?

Tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, ambaye alikuwa safarini Singapore kwenye mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuitambua serikali ya Amin, na akampa Obote hifadhi Tanzania.

Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Amin. Walishindwa. Amin alijibu kwa kurusha ndege zilizopiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huo pande mbili zilipatana huko Mogadishu, zikaahidi kutoshambuliana na kuondoa majeshi mpakani. Tunalitaja hili kwa sababu anayetaka kupima haki ya vita hapaswi kuanza hesabu siku risasi ya mwisho ilipopigwa. Uhasama ulikuwa na miaka saba nyuma yake, na kila upande ulikuwa na la kuulizwa.

Ndani ya Uganda hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kwa nguvu na hakuonekana tena. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, Janani Luwum, aliuawa. Makadirio ya Waganda waliouawa katika utawala huo yanaanzia watu 80,000 na kufika 500,000.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa ardhi yote kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Wanavijiji waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe walipelekwa Uganda kwa maelfu, na mashine za kiwanda cha sukari zikaporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia kusini ya mto wakiwa na watoto na walichoweza kubeba kichwani.

Maneno matatu: uwezo, sababu, nia

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na Radio Tanzania ikarusha hotuba hiyo. Kwa waliokuwa vijijini, redio ndiyo iliyowaambia kuwa nchi imeingia vitani. Wazee wengi hadi leo wanakumbuka hoja zake tatu: kwamba Tanzania ina uwezo wa kumpiga Amin, ina sababu ya kumpiga, na ina nia ya kumpiga.

Maneno hayo matatu yalikuwa wito wa vita, lakini pia yanagusa vipimo ambavyo wanafikra wamevitumia kwa karne nyingi. Katika Ukristo, Augustino wa Afrika Kaskazini na baadaye Thomas Aquinas walifundisha kwamba vita haviwezi kuwa na haki mpaka vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya kweli, na vipiganwe kwa nia njema. Katika Uislamu, inasimuliwa kwamba Khalifa Abu Bakr aliliagiza jeshi lake lisiue wanawake, watoto wala wazee, lisikate miti yenye matunda, wala lisichinje mifugo ya watu ila kwa chakula. Wengine waliongeza vipimo viwili: kwamba vita viwe njia ya mwisho baada ya nyingine zote kushindikana, na kwamba madhara yake yasizidi uovu unaoondolewa.

Tukiviweka pamoja tunapata maswali matano: Sababu ni ya kweli? Nia ni ipi? Uwezo wa kushinda upo? Njia nyingine zimejaribiwa? Na je, madhara yanawekewa mipaka?

Kwa nini uwezo uwe suala la haki? Tukumbuke Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Waliopigana walikuwa na sababu ya wazi: kulazimishwa kulima pamba, kodi, viboko na kunyang'anywa uhuru. Lakini waliingia wakiamini kwamba dawa ya maji itazuia risasi. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na ghala za chakula. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa. Hatusemi kwamba wazee wetu walikosea kudai uhuru. Tunasema kwamba sababu njema peke yake haitoshi kumlinda mtoto na njaa.

Hatua ya kwanza: kumfukuza mvamizi

Vita vya Kagera vina hatua mbili, na ni vizuri kuzipima kila moja kivyake.

Hatua ya kwanza ni kumtoa adui katika ardhi ya Tanzania. Hapa hoja ya haki ina nguvu sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine, lakini kifungu chake cha 51 kinakubali haki ya nchi iliyoshambuliwa kujilinda. Amin hakuficha alichofanya. Alitangaza mwenyewe kwamba amechukua ardhi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulijaribu kusuluhisha. Tanzania ilitaka kwanza umlaani mvamizi. Umoja huo haukufanya hivyo.

Katikati ya Novemba Amin alisema anaondoa majeshi yake. Tanzania haikumwamini, iliendelea kuvusha askari mtoni, na mapema Januari 1979 ukanda wote ulikuwa umerudi mikononi mwake. Watu waliorudi walikuta nyumba zimechomwa, migomba imefyekwa na maiti hazijazikwa. Karibu raia 1,500 wa Tanzania wanakadiriwa kuuawa katika uvamizi huo.

Ukimuuliza mtu wa Missenyi kama kupigana hatua hii ilikuwa haki, ni vigumu kumwambia hapana. Mwizi akiwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba haulizwi kwa nini anapiga kelele.

Hatua ya pili: kwenda Kampala

Hatua ya pili ndiyo yenye mjadala. Mwishoni mwa Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilivuka mpaka na kuingia Uganda. Mwanzoni lengo lilikuwa kuteka maeneo ya kusini ili Amin asiweze tena kushambulia. Pamoja nalo walikuwepo wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, wakiwemo Kikosi Maalum cha akina Tito Okello na David Oyite-Ojok, na kundi la FRONASA la Yoweri Museveni. Msumbiji pia ilileta askari.

Kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alimtumia Amin askari na silaha, na mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilirusha mabomu Mwanza. Vita viliendelea kupanuka. Masaka na Mbarara zilianguka mwishoni mwa Februari. Mapigano makali yakafanyika Lukaya Machi 10 na 11. Kampala ilitekwa Aprili 10 na 11, na Amin akakimbia. Majeshi yalifika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979.

Je, Tanzania ilikuwa na haki kwenda hadi mji mkuu wa nchi nyingine? Wanaosema ndiyo wana hoja mbili. Ya kwanza: Amin alishambulia mwaka 1972, akashambulia tena 1978, na angebaki madarakani angerudi. Ya pili: alikuwa akiua watu wake, na hakuna aliyekuwa akiwaokoa. Kampala ilipoanguka, watu wengi waliingia barabarani kuwapokea askari wa Tanzania kwa furaha.

Wanaosema hapana nao wana hoja nzito. Kanuni ya OAU ilikuwa kila nchi isiingilie mambo ya ndani ya nyingine, na ilikuwa na sababu: mipaka ya Afrika ilichorwa vibaya, na kila mmoja akianza kumng'oa jirani yake mbaya, bara zima lingewaka. Katika mkutano wa OAU huko Monrovia Julai 1979, viongozi wa Nigeria na Sudan waliikosoa Tanzania waziwazi. Hofu yao haikuwa ya bure. Leo Tanzania inamng'oa Amin, kesho nani atamng'oa nani, na nani ataamua yupi ni mbaya?

Afrika ilichukua zaidi ya miaka 20 kutoa jibu. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, inaupa Umoja huo haki ya kuingilia nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Angalia tofauti: haki hiyo ilipewa Umoja, si jirani mmoja mwenye bunduki.

Mutukula, Masaka na Mbarara

Kuna jambo ambalo halisemwi sana siku za sherehe. Jeshi lenye sababu njema nalo linaweza kutenda mabaya.

Baada ya Mutukula upande wa Uganda kutekwa, majengo yake yalibomolewa kwa matingatinga. Masaka na Mbarara zilipoanguka, askari wa Tanzania walilipua majengo mengi kulipiza yaliyofanyika Kagera. Walioumia walikuwa wenye maduka, wapangaji na wagonjwa. Hawakuwa wao waliovuka Mto Kagera. Nyerere alisikitishwa na habari hizo na akaagiza raia na mali zao walindwe, na miji iliyofuata haikuharibiwa kwa kiasi hicho.

Upo pia mfano wa kujizuia. Kampala ilipokuwa inazingirwa, njia ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi ili askari wa Libya waweze kuondoka, badala ya kuwabana wafe wote mjini. Uamuzi huo uliokoa maisha ya pande zote.

Tunachojifunza ni kwamba haki ya kuanza vita na haki katika kupigana ni vitu viwili. Unaweza kuwa na ya kwanza ukaipoteza ya pili njiani.

Hesabu ya vifo

Watafiti walioandika historia ya vita hivi wanataja askari wa Tanzania 373 waliokufa. Kati yao, 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Wengine walikufa kwa ajali na sababu nyingine. Askari wa Uganda waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 1,000, na wa Libya karibu 600. Raia wa Uganda walikuwa mamia.

Ukiweka namba hizo pembeni ya raia 1,500 wa Kagera, unaona jambo moja: raia wa Tanzania waliokufa ni mara nne ya askari wake. Wahenga walisema vita havina macho. Askari walau ana bunduki na mwenzake kulia na kushoto. Mama aliyekuwa shambani Kakunyu alikuwa na jembe.

Hesabu ya kaya

Gharama ya fedha inakadiriwa kufika dola za Marekani milioni 500 kwa thamani ya wakati ule. Kwa nchi maskini hiyo ilikuwa fedha kubwa mno.

Lakini tuieleze kwa namna inayoeleweka kijijini. Jeshi lilikuwa na askari wasiofika 40,000 kabla ya vita. Miezi michache baadaye lilikuwa na zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo waliotoka vijijini. Hao ni vijana waliokuwa wakilima. Malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Mengi yalirudi mabovu, mengine hayakurudi. Lori lisipofika kijijini, pamba na kahawa zinabaki ghalani, mbolea haifiki, na mkulima halipwi. Fedha za kigeni zilizokuwa zinunue dawa za hospitali na vipuri vya viwanda zilinunua mafuta na risasi. Wananchi walichangia ng'ombe, nafaka na fedha, wengi kwa hiari na kwa moyo.

Vita havikuwa sababu pekee ya dhiki iliyofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Bei ya kahawa, iliyopanda sana mwaka huo, ilishuka. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1979. Sera za uchumi za ndani nazo zilikuwa na matatizo. Lakini vita vilikuja wakati ambao nchi haikuwa na akiba, na vilimaliza kidogo kilichokuwepo.

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mkanda haukulegea. Walioishi miaka ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, unga wa njano ambao watu waliuita Yanga, na duka la kijiji lenye rafu tupu. Mwaka 1986 Tanzania ilikubali masharti ya Shirika la Fedha Duniani, na wananchi wakaanza kuchangia huduma ambazo awali zilikuwa bure. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita naye alilipa sehemu ya gharama yake.

Hesabu ya Uganda

Amin aliondoka. Je, amani ilikuja? Yusuf Lule aliapishwa kuwa Rais Aprili 1979, akaondolewa Juni, baada ya siku 68 tu. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, aliondolewa Mei 1980. Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi, Obote akatangazwa mshindi, na wapinzani wakasema kura zimeibwa. Februari 1981 Museveni aliingia msituni. Katika eneo la Luwero, makumi ya maelfu ya raia waliuawa katika vita vilivyofuata. Obote alipinduliwa mwaka 1985, na Museveni akaingia Kampala Januari 1986. Kaskazini mwa nchi vita viliendelea kwa miaka mingine 20, pamoja na utekaji wa watoto uliofanywa na kundi la LRA.

Watu wa West Nile, alikotoka Amin, walilipiziwa kisasi wakati wengi wao hawakuwa na hatia, na wakakimbilia Zaire na Sudan.

Hatuwezi kusema Tanzania ndiyo iliyoleta hayo yote. Mbegu nyingi Amin alizipanda mwenyewe, na nyingine ni za kabla yake. Lakini funzo lipo: jeshi linaweza kumng'oa mtawala kwa miezi michache, ila haliwezi kujenga kuaminiana kwa miezi hiyo. Kubomoa ni kazi ya bunduki. Kujenga ni kazi ya miaka, na bunduki zilizobaki mitaani huifanya iwe ngumu zaidi.

Wanaosema hakuna vita vya haki

Wapo wanaoamini kwamba vita haviwezi kamwe kuwa na haki. Nchini Tanzania tunalo Kanisa la Mennonite, lililoanza Shirati mkoani Mara mwaka 1934, ambalo kihistoria hufundisha kutoshika silaha. Huko India, Gandhi aliongoza mapambano ya uhuru bila bunduki.

Hoja yao ni hii: kila anayekwenda vitani husema ana sababu. Amin naye alikuwa na sababu zake za kueleza. Ukikubali kwamba kuna vita vya haki, umempa kila mtawala neno la kutumia. Na anayetoa amri si yeye anayekufa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Hoja hii isipuuzwe. Hata asiyeikubali yote inampa tahadhari: anayedai vita ni vya haki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Gharama ya kutopigana

Lakini kutofanya kitu nako kuna gharama, na mkoa wa Kagera unaijua pia. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari huko. Badala ya kuongeza, ulipunguza idadi yao. Kwa siku 100 watu zaidi ya 800,000 waliuawa. Maiti zilishuka na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wakazikuta kwenye maji yao. Mwishoni mwa Aprili karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi.

Mto huohuo mmoja unatupa ushahidi wa pande mbili. Mwaka 1978 ulionyesha vita vinavyofanya. Mwaka 1994 ulionyesha yanayotokea mwenye uwezo wa kuzuia uovu anapokaa kando.

Ndiyo maana hatuwezi kumaliza swali hili kwa kusema vita ni vibaya, basi. Ni vibaya. Lakini mara chache sana, kukataa kupigana nako kunaacha maiti.

Njia ya tatu

Kati ya kupigana na kukaa kimya ipo kazi ambayo haina mnara. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere, yuleyule aliyetangaza vita mwaka 1978, alianza kuwasuluhisha Warundi. Alifariki Oktoba 1999 kazi ikiwa haijaisha, Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Haukumaliza mapigano siku hiyohiyo, na ulichosha wengi. Lakini uliweka msingi ambao makundi mengi yalikuja kuufuata na kuweka silaha chini.

Mazungumzo ni polepole, yanakera, na mara nyingi yanakulazimisha ukae meza moja na mtu mwenye damu mikononi. Hata hivyo gharama yake ni nauli, chakula na uvumilivu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushangilia

Kwa mtazamo wetu, kumfukuza mvamizi Kagera kulikuwa na haki. Kwenda Kampala kulikuwa na sababu nzito, lakini kulibeba gharama ambayo haikupangiwa mlipaji, huku wala huko. Kubomoa Mutukula, Masaka na Mbarara hakukuwa na haki. Mambo hayo matatu yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kumheshimu askari aliyekufa hakutulazimishi kuficha hata moja.

Leo vita vipo mashariki ya Kongo, Sudan na kwingineko, na kwenye simu zetu huja picha na sauti za kutaka tushangilie upande mmoja. Kabla ya kusambaza, tunapendekeza maswali haya:

Nani ameshambuliwa, na hesabu imeanzia siku gani?

Anayetaka vita anataka nini kikiisha? Kama hawezi kukisema kwa sentensi moja, huenda vita havitaisha.

Mazungumzo yamejaribiwa na nani, na kwa muda gani?

Raia wa upande wa pili wanalindwa vipi? Anayewaita wadudu au nyoka tayari ameshavuka mpaka.

Mtoto wa nani anakwenda mstari wa mbele, na wa nani anabaki?

Na baada ya ushindi, nani atamlipa mkulima lori lake, mjane mume wake, na kijiji shule yake?

Ukitaka kuendeleza mjadala huu, waulize wazee walio karibu nawe mwaka 1978 ulikuwaje kwao. Wengi walikuwa mgambo, au waliuza ng'ombe, au walimpokea mkimbizi wa Kagera nyumbani. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule sasa wamepita 65. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana majina ya waliokufa. Yaliyobaki yamo vichwani mwa walio hai, na muda wa kuwasikiliza unapungua.